Kwa Wajomba, Chini ya Mlima Kasigau



Likizo ya Agosti ikikaribia, safari za vijana wetu huwa ni zile zile: Fort Jesus, magofu ya Gedi, na Lamu kwa mwenye uwezo. Mwaka huu binti wa dada yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo kikuu, alipewa na mwalimu wake kazi ya kuandika historia ya ukoo wake. Akaomba ruhusa ya kwenda pahali ambapo nyumbani kwetu hapatajwi: Kasigau, katika kaunti ya Taita Taveta.

Sisi ni watu wa Malindi. Ndivyo tulivyofunzwa kujibu. Lakini bibi yangu, mzaa mama, hakuzaliwa Malindi. Aliletwa akiwa amebebwa mgongoni, na jambo hilo tulilijua kwa kunong'onezwa tu, nyakati za msiba, wanawake wakikesha.

Habari yenyewe ni hii. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, na vikosi vyao vikawa vikivuka mpaka kuja kuitegea mabomu reli ya Mombasa na Nairobi. Mlima Kasigau, wenye urefu unaozidi mita 1,600, umesimama peke yake nyikani, kati ya reli na mpaka. Waingereza waliweka askari hapo. Kambi yao iliposhambuliwa, wenyeji walituhumiwa kuwa ndio waliowaonyesha maadui njia. Mwezi wa Agosti 1915 vijiji vilitiwa moto na watu wakakusanywa, vikongwe na waja wazito na watoto, wakapelekwa Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakuruhusiwa kujenga tena kwao mpaka miaka ya 1930.

Katika kutawanyika huko, bibi yangu alibaki. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa. Nyumba moja ya Waislamu ilimchukua, ikamlea, ikamsomesha Qur'ani, ikamwoza. Mwenyezi Mungu awalipe kheri waliomlea. Lakini mji ni mji. Katika miji yetu ya Pwani, mtoto asiyeweza kuwahesabu babu zake huzushiwa utumwa, na neno hilo humfuata hata siku ya kuposwa mjukuu wake. Bibi akachagua kunyamaza, na mama yangu akaurithi unyamavu huo kama mtu arithivyo pete.

Kwa hiyo binti alipoomba ruhusa, Mama alikataa kwa siku tatu. "Kwetu ni hapa," alisema. "Makaburi yetu yako hapa. Huko utakwenda kumtafuta nani? Hata dini si moja." Hoja ya dini ndiyo iliyokuwa nzito. Nilimkumbusha kisa cha Bi. Asma bint Abi Bakr, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyejiwa na mama yake naye angali mshirikina, akaenda kumuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge. Akajibiwa kwamba amuunge. Mama alinyamaza. Usiku alimwita mjukuu wake chumbani, akampa majina mawili: la baba yake Bibi na la kaka yake. Kwa miaka yote hiyo alikuwa nayo kifuani.

Binti alifuatana na kaka yake. Walipanda treni Mombasa, wakashuka Voi, wakalala kwa wazazi wa mwanafunzi mwenzake. Jioni wakapelekwa kuyaona makaburi ya askari wa vita vile vile. Yametunzwa vizuri, mawe yamepangwa kwa safu na kuandikwa, na nyasi zimekatwa. Binti aliniandikia kutoka hapo ujumbe mfupi: "Mama mdogo, hawa waliokuja kupigana wana mawe. Wale waliohamishwa, mawe yao yako wapi?" Sikuwa na jibu. Nimeishi Malindi maisha yangu yote na sijapata kuonyeshwa hata moja.

Asubuhi walirudi kwa matatu hadi Maungu, kwenye barabara kuu, kisha wakakata kuingia nyikani kuelekea Rukanga. Njia ni ya vumbi jekundu, na ni nchi ya tembo, kwani Tsavo haiko mbali. Mzazi mwenye kupanga safari kama hii ahakikishe kuwa watoto wanaondoka Maungu mapema, wana maji ya kutosha, na wana mwenyeji anayewangoja.

Wanafunzi wengi waendao Taita huyakimbilia mapango ya mafuvu. Zamani, huko Taita na Sagala, mzee akiisha kuzikwa na muda kupita, fuvu lake lilitolewa likawekwa pangoni pamoja na ya watu wa ukoo wake, na wazee wakaenda hapo panapokuwa na ukame au balaa. Sisi dini yetu haituruhusu mambo hayo, nao wengi wao leo wameyaacha. Hata hivyo yale si maonyesho. Ni vichwa vya babu za watu. Kijana wetu akipelekwa aingie kwa idhini ya wenyewe, asiguse kitu, asipige picha, wala asicheke. Binti yetu hakupelekwa, wala hakuomba. Yeye alitaka watu.

Na watu aliwapata. Majina yale mawili yalipotajwa, mzee mmoja alisimama, akamwita mjukuu wake wa kike atoke ndani. Msichana yule ana jina la bibi yangu. Shangazi yake analo pia, na kabla yake alikuwako mwengine. Kwao mtoto aliyepotelea Malindi hakuhesabiwa kuwa amekufa. Kila kizazi jina lake alipewa msichana mmoja ili lisipotee. Sisi huku tulikuwa tukilificha, na wao kule wakiligawa.

Kisha likaja suala la chakula. Mzee alileta kuku na kisu, akamkabidhi binti: "Nasikia nyinyi hamli cha kuchinjwa na sisi. Basi chinja wewe, nasi tutakula chako." Kaka mtu, aibu ilioje, alirudi nyuma, hajapata kuchinja hata njiwa. Binti alielekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. (Watakaoniuliza kama mwanamke huchinja, naam, huchinja, Mtume aliruhusu kuliwa kondoo aliyechinjwa na kijakazi wa Ka'b bin Malik kwa jiwe.) Walikula wote sinia moja. Baadaye mzee aliwaonyesha, kwa kidole, mtelemko ambako vijiji vilikuwa kabla ya moto. Wanawake wa nyumba walimfungia kikapu cha mkonge walichokisuka wenyewe, akamletee Mama.

Mama amekitundika kikapu hicho chumbani kwake, hakitumii. Siku ya kwanza hakuuliza juu ya mlima wala njia. Aliuliza yule msichana mwenye jina la mamake ana umri gani, na je, ana kimo.

Sasa wajomba wametuma salamu kwamba wangependa kuja Malindi mwezi wa Desemba, watu sita, walizuru kaburi la Bibi. Dada yangu ameanza kuhesabu magodoro. Mama naye amesema jambo moja tu: majirani wakiuliza hawa wageni ni nani, atawajibu mwenyewe.