Kompyuta haijafa: tujifunze kusoma inachosema

Ni mazoea yetu kuvisemea vyombo kana kwamba vina roho. Saa hufa, redio hufa, na siku hizi kompyuta nayo hufa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuyachunguza maneno, sikuuonea ubaya msemo huo hadi pale ulipokaribia kuwapotezea wanafunzi wa shule moja ya hapa Mji wa Kale, Mombasa, alama zao za miaka mitatu.

Shule yenyewe imo katika kichochoro kitokeacho barabara ya Ndia Kuu. Ina chumba chenye kompyuta kumi na mbili kuukuu zilizotolewa kwa msaada, nazo hutumia Linux kwa kuwa haina malipo na haizibebeshi mashine kongwe mzigo zisiouweza. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi yake, mashine iliyohifadhi alama za mitihani ilikataa kuanza. Kioo kilibaki cheusi, chenye mistari michache ya maandishi meupe. Fundi aliyeitwa aliitazama kitambo kidogo, akatoa hukumu kwamba diski ifutwe yote na kila kitu kiwekwe upya. Maalim mwenye kukitunza chumba hicho, ambaye amebakisha mwaka mmoja astaafu, aliifunika mashine kwa leso mfano wa maiti, akaja kunibishia mlango.

"Daktari," aliniambia, "kompyuta imekufa, na alama za watoto zimekufa nayo."

"Haijafa, Maalim," nilimjibu tulipoifunua. "Mbona inasema?"

Naam, ilikuwa ikisema. Mistari ile ilieleza kwamba sehemu fulani ya diski, iliyotajwa kwa jina lake, ilikuwa na kasoro na ilihitaji kukaguliwa kwa mkono. Hata amri ya kufanyia ukaguzi huo, fsck, ilikuwa imeandikwa papo hapo. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika, basi orodha ya mafaili ikawa hailingani tena na yaliyomo diskini. Kwanza tuliiwasha mashine kwa Linux iliyokuwa katika flashi, tukazinakili alama zote, kwa maana haifai kuanza tiba kabla ya kuokoa kilicho cha thamani. Kisha tukaandika amri tuliyoagizwa pamoja na jina la sehemu ile, tukayakubali marekebisho, na mashine ikaanza. Kazi yote haikutimiza saa mbili. Ingekuwa diski imechakaa yenyewe, dawa hiyo isingefaa, lakini angalau alama zingekuwa zimekwisha kuokolewa.

Msomaji asidhani kwamba ninajigamba kwa ufundi. Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa kompyuta. Nilichofanya ni kusoma. Hapo ndipo ulipo msiba wetu, kwa sababu Maalim anakijua Kiingereza vizuri, na fundi vilevile, lakini hapana aliyeyasoma maandishi yale. Neno "imekufa" lilikuwa limekwisha kufunga mlango wa swali.

Hebu tuyatazame maneno tuliyo nayo. Mtu akisema kompyuta "haiwaki", ametueleza kwamba tutazame waya, soketi na kifaa cha umeme. Akisema "inawaka lakini haianzi", tunajua umeme upo, na shaka yetu inahamia kwenye diski au kwenye kiini cha mfumo. Ikiwa haikuanza mara baada ya kuongezewa toleo jipya, aghalabu inatosha kuchagua kiini cha zamani katika orodha itokeayo mwanzoni, kwani Linux kwa kawaida huweka akiba kile kilichotangulia. Akisema "inaanza lakini haiingii", hilo ni jambo la tatu kabisa. Vitenzi hivi anavijua hata mtoto wa darasa la kwanza, na kila kimoja kinampeleka mtafutaji mahali pake. Sisi tumeviacha vyote, tukabaki na kufa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa chuo aliwahi kunijia na kilio cha namna hiyo ya tatu. Kila akiandika neno lake la siri, kioo hupepesa na kumrudisha palepale pa kuandikia. "Mwalimu," alisema, "nadhani nimelisahau neno langu la siri." Nilimuuliza kama mashine ilimwambia kwamba neno si sahihi. Akafikiri, akasema la, haikumwambia. Basi tulibonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja ili kupata kioo cha maandishi matupu. Neno lake lilikubaliwa mara moja. Amri ya df -h ikatuonyesha kwamba diski imejaa asilimia 100, hata mfumo haukuwa na nafasi ya kuandika yale yanayohitajika ili kumfungulia mwenyewe. Tulifuta video alizozirundika, naye akaingia. Tasnifu yake ilikuwa mle ndani, na alikuwa amekwisha kuagizwa na wenzake aifute diski nzima!

Wazee wetu wa Bandari ya Kale hawakuwa wavivu wa maneno kiasi hiki. Jahazi lilipoingia maji hawakusema limekufa. Walisema linavuja, wakauliza linavujia wapi, na fundi akapita ubao kwa ubao akitafuta mahali pa kutia kalafati. Walikuwa na neno la mkuku, la mlingoti, la foromali na la tanga, na hawakujali neno limetoka Uarabuni, Uajemi au Bara Hindi, mradi kila baharia alijue.

Ilhali sisi wataalamu, na mimi nikiwa mmoja wao, tumetumia miaka mingi kuteta iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo si haramu. Hata hivyo, mwalimu aliyesimama mbele ya kioo cheusi hahitaji jina la chombo. Anahitaji majina ya maradhi yake.

Wapo wenzetu watakaosema kwamba lugha ya kompyuta ni Kiingereza, na kwamba hizi ni ndoto za wasomi wa Kiswahili. Ningewakumbusha yaliyotendeka Dar es Salaam. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Programu huria haikumlazimu mtu kupiga magoti mbele ya kampuni yoyote ndipo atafsiri. Kiini cha Linux chenyewe kilitolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na tangu mwaka 1992 leseni yake inamruhusu kila mtu kukisoma, kukibadili na kukisambaza. Tumepewa ruhusa ambayo hatujaitumia ipasavyo. Menyu zimetafsiriwa kwa kiasi, lakini maandishi ya mwanzo kabisa, yale yanayotokea mashine inaposhindwa kuanza, bado yanatujia kwa Kiingereza.

Jambo hili lina haraka yake. Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za umri wa zile za Maalim haziwezi kulibeba toleo linalofuata. Shule itakayotaka kuendelea kuzitumia kwa usalama itajikuta ikigeukia Linux. Je, walimu wetu watakuwa wameandaliwa, au leso zitazidi kutandikwa juu ya mashine zilizo hai?

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari la kawaida. Mashine ikikataa kazi, mwanafunzi aandike tarehe, anakili maandishi ya kiooni kama yalivyo, aeleze kwa Kiswahili yana maana gani, kisha aandike kilichofanywa na matokeo yake. Anayesomeshwa hivyo atakuwa amejifunza kusoma kwa makini, kutafsiri na kutafuta chanzo cha jambo kwa mpango, yote katika somo moja. Nasi wa vyuo vikuu tuyakusanye madaftari hayo, tuone walimu na wanafunzi wenyewe wameyaitaje maradhi hayo, na tuanzie hapo kuunda istilahi badala ya kuzitunga tukiwa tumejifungia ofisini.

Maalim amekwisha kulianza daftari lake. Ukurasa wa kwanza una amri ile ya fsck, na chini yake ameandika kwa mkono wake mzuri: "Soma kwanza. Nakili vya watu. Ndipo utengeneze." Nawaomba walimu wenzangu wafungue madaftari yao pia.