Kata chuma kwa stendi, si kwa kubahatisha

Ukipita penye karakana za jua kali utawaona mafundi wakikata vyuma kwa grainda mkononi. Kwa kulainisha alama za kuchomelea, mkono watosha. Lakini chuma cha mlango au mguu wa meza chahitaji kukatwa sawasawa. Mguu wa sentimita 75 ukienda upande kwa digrii 1 tu, ncha yake hukosea kwa zaidi ya sentimita 1. Meza huyumba, na mteja hukataa kumalizia malipo.

Dawa ni stendi ya grainda: bamba la chini, ukingo wa kuegemezea chuma, kibanio, na mkono wenye bawaba na springi. Wengi huinunua, wakaifunga harakaharaka, kisha wakailaumu kuwa yakata ovyo. Stendi isiyopimwa haina faida.

Kwanza, chomoa waya wa umeme. Funga stendi kwa bolti juu ya meza nzito. Shika grainda karibu na diski uisukume kushoto na kulia. Ikicheza, kaza nati ya bawaba hadi itulie, ila mkono uendelee kupanda na kushuka bila kukwama. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bawaba ikilegea, vipimo vingine vyote ni kazi bure.

Pili, pima pembe mbili. Teremsha grainda, simamisha skwea juu ya bamba na uiegemeze ubavuni mwa diski. Mwanga ukipenya kati yake, pachika kipande cha bati chembamba pale grainda inapofungwa. Kisha laza skwea, upande mmoja ukigusa ukingo na wa pili diski. Zikilingana, kaza bolti.

Tatu, rudisha umeme ukate bomba la mraba la milimita 25 kwa majaribio. Pindua kipande kimoja, upande wa juu uwe chini, uviunganishe vipande palipokatwa. Mwanya utakaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe. Basi rekebisha nusu yake tu.

Kumbuka pia kwamba diski hula chuma. Diski ya milimita 1 ikikata mara 10, angalau sentimita 1 imekwenda. Usichore vipimo vyote kwa pamoja. Pima kipande, kata, ndipo upime kingine.

Sasa usalama, msomaji. Kinga ya diski isiondolewe kamwe, na chuma kibanwe, kisishikwe kwa mkono. Mashine nyingi za diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye diski haipungui ile ya mashine. Soma tarehe iliyo kwenye pete ya chuma katikati ya diski. Iliyopitwa na wakati itupe. Usifunge kamwe msumeno wa mbao wenye meno. Vaa miwani ya fundi, na petroli, magodoro na watoto viwe mbali na cheche.

Acha diski ishike kasi kamili kabla ya kugusa chuma, kisha iteremshe polepole bila kuikandamiza. Na kila ubadilishapo diski, chukua skwea upime tena.