Mashine pungufu: Bei ya kununulia ni ndogo, bei ya viungo ndiyo mzigo

UCHAMBUZI

TANGU ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka uzinduliwe Fela, wilayani Misungwi, Juni 2021, mazungumzo mengi ya wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa yamekuwa juu ya treni za umeme na nauli za mizigo. Ni wachache wanaouliza juu ya mitambo ya zamani ya reli ya mita moja, ambayo kokote duniani huishia katika njia mbili: kuhifadhiwa au kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

Swali hilo haliwahusu wapenzi wa historia peke yao. Linamhusu pia mkazi wa Kiseke, Manispaa ya Ilemela, anayetaka kununua mashine ya kusaga iliyotumika, na kikundi cha wakulima kinachoambiwa kuna trekta lililosimama muda mrefu linauzwa kwa bei ya kutupa. Hesabu ya kufufua kichwa cha treni ya mvuke kilichopungua viungo ni ileile, ila yenyewe ni kubwa zaidi, na makosa yake yanaonekana wazi.

Reli ya pamba

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo, pamba ya Usukuma ilivushwa kwa meli hadi Kisumu, ikapanda treni kwenda bandari ya Mombasa. Kwa miaka mingi vichwa vya mvuke ndivyo vilivyovuta mabehewa ya mizigo katika reli za Afrika Mashariki.

Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya North British ya Glasgow ilitengeneza vichwa 26 vya daraja la 30, ambavyo vilipewa majina ya makabila ya ukanda huu. Kimojawapo, namba 3020 kiitwacho Nyaturu, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Hapo hapo kipo namba 5918, Mount Gelai, kilichopewa jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Hicho ni kimoja kati ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani zipatazo 252.

Vichwa hivyo viwili viliwahi kufufuliwa na kutembea tena kwa mvuke mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hilo liliwezekana kwa kuwa viliingia makumbusho vikiwa bado na viungo vyake vikubwa. Kama vingekuwa vimenyofolewa, vipuri visingepatikana dukani: North British ilifilisika mwaka 1962 na kiwanda cha Beyer, Peacock kikafungwa mwaka 1966. Mtengenezaji akishakufa, kila kiungo kinachokosekana hugeuka kuwa mradi wa peke yake.

Boila haina mchezo

Kiungo cha kwanza kukaguliwa ni boila. Kichwa cha daraja la 30 kilifanya kazi kwa presha ya pauni 200 kwa kila inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi. Boila inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe mirija ya ndani imeliwa na kutu na mabati yake yamekuwa membamba. Kupaka rangi na kuchomelea viraka si matengenezo. Unene wa chuma hupimwa sehemu kwa sehemu, mirija hubadilishwa, kisha boila hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa presha inayozidi ile ya kazi. Maji baridi hutumika kwa sababu boila ikishindwa, itavuja tu, mvuke ungeilipua.

Gharama yake si ndogo hata kwa nchi tajiri. Nchini Uingereza, kikundi kilichoanza mwaka 1994 kutengeneza kichwa kipya cha mvuke kiitwacho Tornado kililazimika kuagiza boila kutoka Meiningen, Ujerumani. Kichwa hicho kilitembea mwaka 2008, baada ya kumeza takriban pauni milioni 3 za Uingereza.

Shaba hutangulia kuondoka

Mfano unaofundisha zaidi ni wa kichwa namba 71000, Duke of Gloucester, kilichotengenezwa Uingereza mwaka 1954 na kustaafishwa mwaka 1962. Silinda ya nje ilikatwa ili ikaonyeshwe makumbusho, vyuma vya kuendesha valvu vikaondolewa, na mwili uliobaki ukapelekwa kwenye yadi ya chuma chakavu ya Woodham huko Barry, Wales. Watu wa kujitolea waliununua mwaka 1974. Walilazimika kutafuta michoro, kusubu silinda upya na kutengeneza valvu. Moto uliwashwa tena mwaka 1986, miaka 12 baadaye.

Kazi hiyo ilikuwa na faida isiyotarajiwa. Mafundi walipolinganisha kichwa na michoro yake, waligundua kuwa njia ya kupitisha hewa kwenda kwenye moto ilikuwa imetengenezwa tofauti na mchoro tangu kiwandani. Waliporekebisha, kichwa kilichokuwa kikilaumiwa kwa kula makaa kikafanya kazi vizuri kuliko kilipokuwa kipya.

Katika yadi hiyo ya Barry vilifika vichwa 297, na 213 viliokolewa kwa sababu mwenye yadi alianza na kukata mabehewa, yaliyokuwa na kazi rahisi. Lakini vingi viliondoka bila shaba na vipuri vidogo. Muuza chakavu hulipwa kwa kilo. Mfufuaji hulipa kwa kiungo. Beringi ya shaba inayouzwa kwa bei ya kilo chache huja kugharimu kalibu, kusubu, kukereza na siku kadhaa za fundi.

Hesabu kabla ya kulipa

Kwa mnunuzi wa Kiseke, somo la kwanza ni kuorodhesha visivyokuwepo kabla ya kujadili bei ya vilivyopo. Orodha hiyo igawanywe mafungu matatu: vinavyouzwa madukani, vinavyoweza kusubiwa au kukerezwa na mafundi wa Mwanza, na vile visivyo na mchoro wala sampuli. Fungu la tatu likiwa na kiungo kinachobeba mashine nzima, bei ya kutupa haina maana. Rahisi huwa ghali.

Pili, gharama ya kalibu ni ileile, kisubiwe kiungo kimoja au kumi. Wenye mashine za aina moja wakiungana kuagiza kwa pamoja, kila mmoja atalipa sehemu ndogo. Ofisi ya SIDO Mwanza ni mahali pa kuanzia kuulizia karakana. Kwa boila au tangi lolote la presha, ukaguzi wa OSHA utangulie moto.

Tatu, mashine iliyosimama isigeuzwe duka la vipuri bila kumbukumbu. Kinachotolewa kiandikwe, kipakwe grisi na kufungiwa, na michoro na vitabu vyake vitunzwe. Hilo linavihusu vyama vya ushirika vyenye vinu vya kuchambulia pamba vilivyosimama sawa na linavyoihusu reli ya zamani. Kinu kisichofanya kazi leo bado kinaweza kuuzwa kama kinu. Kikishanyofolewa mota na shaba yake, mnunuzi atakayebaki ni mwenye mizani ya chakavu, na bei ataipanga yeye.