Mambo ya Shambani: Tetea Akitaka Kuatamia

Wazee husema kuku havunji yake mayai. Ni kweli, lakini mwenye kuku huweza kumharibia mayai hayo bila kuyagusa: humwacha tu aatamie wakati apendao, mahali apendapo, na juu ya mayai yoyote atakayoyakuta. Hasara ya namna hiyo haionekani upesi, na kwa hiyo wakulima wengi huipata kila mwaka wasiijue.

Katika upande wa Kakamega, ambako mashamba ni madogo na mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, nyumba nyingi zina matetea wachache. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 12 au 15 hivi, kisha huacha kutaga akatamani kuatamia. Huatamia kwa siku 21, halafu huwalea vifaranga miezi miwili au mitatu kabla ya kutaga tena. Basi akiachwa kufuata desturi yake, hutaga vipindi vitatu au vinne tu kwa mwaka. Kipindi kimoja kikiharibika, robo au hata theluthi ya kazi yake ya mwaka imepotea, na pengine karo ya shule iliyotegemewa imepotea pamoja nayo.

Dalili za tetea anayetaka kuatamia hazifichiki. Hubaki kiotani hata jioni wenzake wakienda kulala, hututumua manyoya akikaribiwa, hudonoa mkono, na hulia kwa sauti nzito. Siku hiyo ndiyo mwenye shamba apaswa kukata shauri: je, yatakiwa mayai au vifaranga? Akisitasita wiki mbili hukosa yote mawili.

Ikiwa vifaranga ndio wanaotakiwa, mayai huchaguliwa mapema. Yawe ya ukubwa wa kadiri, safi, yasiyo na ufa, wala yasipite siku 10 tangu kutagwa. Yawekwe kivulini penye ubaridi, ncha iliyochongoka ikielekea chini. Yasioshwe, kwa maana kuosha huondoa utando unaozuia uchafu kupenya ndani ya ganda.

Kosa kubwa ni tamaa. Mtu humwekea tetea mmoja mayai 18 au 20, akitumaini vifaranga wengi. Mwili wa kuku wa kienyeji hufunika vizuri mayai 10 hadi 13. Yanayozidi hubaki nje na kupoa, na kwa kuwa tetea huyageuza na kuyahamisha kila siku, kila yai hupata zamu yake ya baridi. Mwisho wake ni mayai viza mengi na vifaranga wachache kuliko wa jirani aliyeweka 12.

Kiota kiwe kikapu kipana au sanduku lenye nyasi kavu, penye giza na utulivu, mbali na mahali pa kutagia, ili kuku wengine wasiongeze mayai mapya. Nyasi za zamani zichomwe, na majivu makavu yanyunyizwe chini, kwa kuwa tetea anayeliwa na utitiri huweza kuyakimbia mayai yake. Ahamishwe usiku; akihamishwa mchana hurudi alikotoka. Mahindi na maji yawe karibu, maana hushuka kwa muda mfupi tu kila siku kula, kunywa na kuoga mavumbi.

Siku ya 7 mayai yapimwe gizani kwa mwanga wa tochi. Yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotandaa kama utando wa buibui. Lisilo na kitu huwa jeupe tupu, nalo liondolewe. Mkulima mwenye matetea wawili walioanza siku moja anaweza kupata faida zaidi. Vifaranga wakiisha kuanguliwa, wote huwekwa usiku chini ya mama mmoja, ikiwa ataweza kuwafunika, na yule wa pili hurudi upesi kwenye kutaga.

Ikiwa mayai ndiyo yanayotakiwa, tetea azuiwe kuatamia mara moja. Wako wanaomzamisha majini au kumfunga mguu juani. Huo ni ukatili, wala hauna haja. Awekwe katika kizimba chenye sakafu ya fito zilizoachana, kilichoinuliwa ili upepo upite chini, bila nyasi, lakini chakula na maji visikosekane. Baada ya siku 3 au 4 afunguliwe. Akikimbilia kiota tena, arudishwe.

Jogoo naye atazamwe. Mmoja hutosha matetea 10, lakini asiwe ndugu yao wala mtoto wao. Ndugu wakizaana, mayai yanayoanguliwa hupungua na vifaranga huwa dhaifu. Majirani wa mbali wanaweza kubadilishana majogoo kila mwaka. Lakini mgeni akae peke yake wiki mbili kwanza, asije akaleta ugonjwa.

Kazi haiishi siku ya 21. Mwewe, baridi na mvua huwamaliza vifaranga wengi katika majuma ya kwanza, kwa hiyo wakae na mama yao ndani ya kizimba, wapewe chakula cha vifaranga au mahindi yaliyosagwa pamoja na mchwa, na maji katika chombo kisicho na kina. Adui mkubwa zaidi ni kideri, ambacho huweza kuua karibu kuku wote wa boma kwa siku chache. Hakina dawa, lakini kina chanjo: tone moja jichoni, likarudiwa kila miezi 3 au 4. Ofisa wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo.

Mambo haya hayataki fedha nyingi. Yataka daftari ndogo iliyotundikwa karibu na mlango, yenye tarehe aliyowekewa tetea mayai, hesabu ya mayai, na hesabu ya vifaranga walioanguliwa na waliokua. Mwaka ukiisha, daftari hiyo itaonyesha ni tetea yupi astahiliye kuzalishwa tena, na ni yupi aliyekuwa akimngojea mgeni.