Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani wa kulaumiwa pale kidole hicho kimoja kinapozeeka ilhali chawa angali hai.

Hilo ndilo swali linalowagawanya wapenzi wa mpira wa kikapu kila zinapotajwa siku za mwisho za Kobe Bryant katika timu ya Los Angeles Lakers ya Marekani. Bryant aliaga dunia tarehe 26 Januari 2020 katika ajali ya helikopta iliyoua watu tisa, akiwemo bintiye Gianna, na tangu siku hiyo wengi wameona haya kumkosoa marehemu. Heshima hiyo ni njema. Lakini ubishi wenyewe haukuzikwa, kwa kuwa hauhusu mtu mmoja tu. Unahusu kila timu inayoegemea jina moja kubwa hadi jina hilo linapochoka.

Tuanze na yasiyobishaniwa. Bryant alijiunga na Lakers mwaka 1996 akiwa kijana wa miaka 17, akaichezea timu hiyo misimu 20 bila kuhama, na akatwaa ubingwa mara tano: 2000, 2001, 2002, 2009 na 2010. Katika msimu wa 2012-13, Lakers ilishinda mechi 45 kati ya 82. Msimu uliofuata ilishinda 27, kisha 21, na ule wa 2015-16 ikaambulia 17 tu. Mechi 65 zilizopotezwa mwaka huo ziliufanya kuwa msimu mbaya zaidi katika historia ya klabu hiyo.

Wanaomlaumu mzee wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Katika msimu huo wa mwisho, akiwa na umri wa miaka 37, mipira yake iliyoingia kikapuni ilikuwa kama 36 tu katika kila 100 aliyotupa, na bado ndiye aliyetupa mara nyingi kuliko mwenzake yeyote. Isitoshe, mnamo Novemba 2013, kabla hata hajarejea uwanjani baada ya jeraha baya, alipewa mkataba mpya wa miaka miwili wa dola milioni 48.5. Ligi hiyo huweka kikomo cha mishahara ya kila timu. Katika msimu wa 2014-15 kikomo kilikuwa takriban dola milioni 63, na Bryant peke yake alilipwa milioni 23.5. Mtu mmoja akichukua zaidi ya theluthi ya chungu, wenzake watakula nini?

Wanaomtetea nao hujibu kwamba gwiji huyo alizungukwa na wachezaji hafifu, na ushahidi wao wanautoa katika ujana wake. Katika msimu wa 2005-06 Bryant alikuwa na miaka 27, umri ambao mwanamichezo huwa katika kilele cha nguvu zake. Alifunga wastani wa pointi 35.4 kwa mechi, na tarehe 22 Januari 2006 akawafunga Toronto pointi 81 peke yake. Je, timu yake ilifika wapi? Ilishinda mechi 45, kisha ikatolewa na Phoenix katika duru ya kwanza ya mchujo. Mnamo Februari 2008 akaletewa Pau Gasol kutoka Memphis, na mara Lakers ikafika fainali miaka mitatu mfululizo, ikashinda mbili. Mchezaji alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni wenzake.

Kuna na ushahidi mwingine ambao kambi ya lawama haipendi kuusikia. Katika msimu wa 2013-14 Bryant alicheza mechi sita pekee. Iweje basi zile mechi 55 zilizopotezwa mwaka huo zihesabiwe kuwa dhambi ya mtu aliyekuwa akiuguza goti? Fauka ya hayo, alipostaafu mwaka 2016, Lakers haikufika hatua ya mchujo katika misimu mitatu iliyofuata. Kama mzee ndiye aliyekuwa amekalia njia, mbona njia haikufunguka alipoinuka?

Kwa maoni yetu, kambi zote mbili zinatazama uwanjani ilhali chanzo cha maradhi kilikuwa ofisini. Uzee si mwizi ajaye usiku. Tarehe yake imeandikwa kwenye kalenda tangu siku mchezaji anapotia sahihi mkataba wa kwanza. Nao wachezaji hafifu hawakujileta wenyewe Los Angeles. Kuna watu waliowachagua, na kuna watu waliolipwa ili wajiandae kwa siku ambayo miguu ya nyota wao ingekuwa mizito.

Ufa ulionekana mapema. Mnamo Mei 2011, Lakers, wakiwa mabingwa watetezi, walichapwa na Dallas mechi nne kwa nunge. Haki itendeke: mnamo Desemba mwaka huo uongozi ulijaribu kumleta Chris Paul kutoka New Orleans, lakini ligi, ambayo wakati huo ndiyo iliyoimiliki timu hiyo, ikakataa mapatano hayo. Katika hilo wanastahili kuhurumiwa. Lakini siku chache baadaye walimwachilia Lamar Odom aende Dallas bila kupata mchezaji yeyote wa kuziba pengo. Mwaka 2012 wakamleta Steve Nash, mwenye umri wa miaka 38, wakalipia kwa haki nne za kuchagua chipukizi, mbili kati yake za duru ya kwanza. Nash alivunjika mguu katika mechi yake ya pili, na katika mkataba wote wa miaka mitatu alicheza mechi 65 tu. Dwight Howard alikaa msimu mmoja akaenda zake. Kocha Mike Brown alifutwa baada ya mechi tano. Badala ya kupanda miche, waliuza mbegu ili kununua mti uliokwisha kuzaa.

Matokeo yake yakawa kumrudisha nyota yule yule kwenye jembe. Tarehe 10 Aprili 2013, huku timu ikipigania nafasi katika mchujo, Bryant alicheza dakika zote 48 dhidi ya Portland na kufunga pointi 47. Alikuwa na miaka 34. Siku mbili baadaye, dhidi ya Golden State, kano ya kisigino ikakatika. Alisimama, akachechemea hadi kwenye mstari, akaitia kikapuni mipira miwili ya adhabu, kisha akatoka. Dunia ilisifu ushujaa wake, na ilistahili kusifu. Lakini ni wachache waliouliza kwa nini timu yenye utajiri wa Lakers ilihitaji dakika zote za mtu wa makamo ili tu iponee chupuchupu.

Hatusemi kwamba Bryant hakuwa na sehemu yake. Hakupenda kupumzishwa, na sahihi iliyo kwenye ule mkataba ni yake. Hata hivyo, ajizi ya viongozi ndiyo iliyogeuza udhaifu wa mtu mmoja kuwa msiba wa timu nzima.

Anayeshuku na atazame San Antonio. Tim Duncan alizaliwa mwaka 1976, miaka miwili kabla ya Bryant. Mwaka 2012 alikubali mshahara usiofika nusu ya ule aliokuwa akilipwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, viongozi wa Spurs walikuwa wamemtoa George Hill, mchezaji waliyempenda, ili wampate chipukizi aitwaye Kawhi Leonard. Katika msimu wa 2013-14 kocha Gregg Popovich aligawa kazi hivi kwamba hakuna mchezaji wake hata mmoja aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mechi. Mnamo Juni 2014 waliishinda Miami mechi nne kwa moja wakatawazwa mabingwa. Duncan alikuwa na miaka 38, na aliyetuzwa kuwa mchezaji bora wa fainali alikuwa Leonard, mwenye miaka 22. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini Spurs walijua kwamba ukoko hauwezi kulisha kijiji. Walikuwa wameshainjika chungu kipya.

Wengi hupenda kukumbuka usiku wa tarehe 13 Aprili 2016, Bryant alipoaga kwa kufunga pointi 60 na kuwashinda Utah 101 kwa 96. Ulikuwa usiku wa machozi na vifijo. Lakini ili azipate pointi hizo alitupa mpira kikapuni mara 50, na ushindi huo ulikuwa wa 17 katika mechi 82. Usiku ule ulionyesha utukufu wa mtu mmoja na umaskini wa timu yake kwa pamoja.

Basi timu inapodidimia, tusikimbilie kuhesabu mvi za nyota wala kuwacheka wanaocheza kando yake. Tuwaulize wenye timu walikuwa wakifanya nini miaka mitano kabla. Mzee anastahili heshima, na heshima kubwa kuliko zote ni kumtua mzigo kabla haujamvunja mgongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wa Lakers uliwagharimu misimu sita.