Afya Nyumbani: Taya Liumapo



Mama mmoja ametuuliza neno. Kila asubuhi afunguapo kinywa taya lake hulia kama bawaba kavu, na maumivu hupanda hata sikioni. Ameambiwa meno yake ya juu na ya chini hayakutani sawasawa, basi yafaa yasagwe. Je, akubali? Twamjibu: Ngoja kwanza.

Kiungo cha taya ki mbele ya sikio tu. Kati ya mifupa yake mna kipande cha gegedu, mfano wa mto mdogo. Nacho kikisogea mahali pake, taya hulia.

Mwaka 1934 tabibu James Costen wa St. Louis, katika Marekani, alieleza habari za wagonjwa 11 wenye taabu ya sikio. Alisema sababu yake ni kupotea kwa magego, hata taya likafunga kupita kiasi. Wengi walilisadiki neno hili, na watu wengi wakasagwa meno. Walakini mwaka 1976 matabibu wa Chicago walifanya jaribio. Waliwatendea wagonjwa 25 kana kwamba wanawasaga meno, wala hawakuyapunguza. Wagonjwa 16 walisema wamepona, au wamekaribia kupona! Meno yao yalikuwa yale yale.

Kwa hiyo siku hizi matabibu hunena ya kuwa ni mara chache meno kutokutana huwa ndiyo asili ya ugonjwa huu. Mara nyingi mambo mengi huchangamana: kukaza taya kwa wasiwasi, kusaga meno usingizini, pigo, au ugonjwa wa viungo. Tena pengine mambo huwa kinyume: kiungo huharibika kwanza, ndipo meno yakapotoka.

Basi, mama, kula chakula laini siku kadhaa. Weka kitambaa cha maji ya moto shavuni. Usipiga miayo mipana. Usipokula, midomo ifumbwe lakini meno yaachane. Wengi hupata nafuu kwa hayo tu. Lakini taya likikwama, au shavu likivimba pamoja na homa, au meno yaliyokutana vema yakipotoka ghafula, nenda hospitali upesi.

Wazee husema, maji yakimwagika hayazoleki. Na jino zima likiisha kusagwa, halikui tena.