Mji Hupangwa Kabla ya Kujengwa

Watu wengi hudhani kuwa mji ni majengo. Waonapo ghorofa mpya imesimama kando ya barabara, husema kuwa mji umekua. Dhana hiyo ni potofu, tena ni ya hatari. Rundo la nyumba si mji, kama vile rundo la vitabu lisivyo elimu. Mji ni mapatano ya watu wengi wanaotaka kukaa mahali pamoja bila kudhuriana: wapite wapi, wauze wapi, maji safi yaingie kwa njia gani, na maji machafu yatoke kwa njia gani. Pasipo mapatano hayo, kila tofali linaloongezwa huongeza taabu.

Tuitazame Migori na Homa Bay. Miji hii miwili zamani ilikuwa katika wilaya moja ya South Nyanza, na leo kila mmoja ni makao makuu ya kaunti yake. Migori imekaa juu ya barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Tanzania, kwenda Rongo na Kisii. Homa Bay imekaa chini ya kilima cha Asego, ukingoni mwa Ghuba ya Winam. Mmoja ni mtoto wa barabara, na mwingine ni mtoto wa ziwa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,116,436 katika kaunti ya Migori, na watu 1,131,950 katika kaunti ya Homa Bay. Watu hawa hawatabaki wote mashambani. Shamba la babu hugawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata kipande kinachobaki kisitoshe kulisha nyumba moja. Ndipo vijana hufunga virago kuelekea mjini. Kuja watakuja. Lililo mikononi mwetu ni kama watakuta mji au watakuta rundo.

Wako wasemao: “Tujenge kwanza, tutapanga baadaye, mwenye njaa hali ramani.” Maneno haya ni matamu masikioni, lakini hesabu yake ni mbaya. Barabara inayoachiwa nafasi kabla ya nyumba kujengwa haidai ila mpimaji, vigingi na kamba. Barabara ile ile ikitafutwa baada ya nyumba hamsini kusimama hudai fidia, kesi na tingatinga, na mara nyingi anayebomolewa ni maskini aliyeuziwa kiwanja na mjanja. Kadhalika maji machafu. Bomba lake hufuata mteremko, kwa kuwa maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Nyumba zikiziba njia ya mteremko huo, hapana budi kuzunguka mbali au kununua mashine za kuyasukuma. Na pasipo bomba, kila mwenye nyumba huchimba choo chake, na jirani yake huchimba kisima hatua chache kutoka hapo, wala ardhi haijui ua uliowatenga. Mvua ikinyesha, uchafu wa mitaa hushuka katika mto Migori, ukaingia mto Kuja, ukafika ziwani tunakovua samaki wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeahirisha mpango hajaokoa fedha. Amekopa, na deni hilo italipa afya ya watoto wake.

Wako pia wasemao kuwa kupanga miji ni jambo la kizungu. Hawa wana sababu ya kushuku. Katika enzi ya ukoloni ramani ilitumiwa kama fimbo: huko Nairobi Wazungu walitengewa vilima vyenye hewa, Wahindi mitaa yao, na Waafrika vijumba vya kubanana. Lakini kisu kilichomkata mtu si sababu ya kuacha kukata mboga. Tena si kweli kwamba wazee wetu hawakupanga. Katika kaunti hiyo hiyo ya Migori ipo Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yanayodhaniwa kuwa yalijengwa katika karne ya 16. Kuta zake, zenye kimo cha mita moja na nusu hadi nne na nusu, zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, nazo zimesimama mpaka leo. Milango yake ilifanywa midogo ili adui aingie ameinama. Na ndani watu na mifugo walikuwa na nafasi zao. Jamii mbalimbali zilikaa humo kwa zamu, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maboma hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Basi mjukuu wa wajenzi hao atawezaje kusema kuwa mpango ni mgeni kwake?

Hata hivyo, ramani peke yake haitoshi. Huko Australia, mwaka 1837, Kanali William Light aliupima mji wa Adelaide, akauzungushia ukanda wa viwanja vya wazi. Ukanda huo umemegwa mara kadhaa, lakini sehemu yake kubwa ingalipo. Ni ushahidi kwamba mpango mwema huishi kuliko aliyeuchora. Lakini ardhi ile ilikuwa ya watu wa Kaurna, wala hawakuulizwa. Kwa wenye ramani ulikuwa mpango mzuri. Kwa wenyeji ulikuwa unyang'anyi uliopigwa mistari. Mji usiopangwa huumiza watu, na mji uliopangwa bila kuwauliza watu huwaumiza vile vile.

Na hapa ndipo lawama inapowafikia wenye mamlaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo yake, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2013 mabaraza ya zamani ya miji yalikoma. Kifungu cha 62 chasema kuwa barabara, mito na maziwa ni ardhi ya umma. Kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Sheria ya miji ikatungwa mwaka 2011, na ya mipango ya ardhi mwaka 2019. Hatuna upungufu wa sheria. Lakini mkutano unaotangazwa leo kwa ajili ya kesho, siku ya soko, juu ya kitabu kinene cha Kiingereza, si mashauri bali ni dhihaka. Mama auzaye omena ajua kuliko mtaalamu yeyote mahali maji yanapotuama sokoni wakati wa masika. Naye hana nafasi ya kusema, maana yuko sokoni akitafuta chakula cha watoto. Kisha hufukuzwa kando ya njia kwa virungu, na hilo nalo huitwa mipango! Ameketi pale kwa sababu wanunuzi hupita pale. Ajengewe soko mahali miguu ya watu inapopita, naye atahamia bila kirungu.

Enyi vijana mnaosoma maneno haya, msidhani kuwa jambo hili ni la wazee. Wazee wanagawa viwanja. Ninyi ndio mtakaokaa humo. Kifungu cha 35 cha Katiba humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi nendeni na mwalimu wenu katika ofisi ya kaunti, mwombe kwa adabu kuonyeshwa ramani ya mji wenu. Tafuteni humo njia ya maji machafu, uwanja wa michezo, soko, na ardhi ya ukingo wa mto au ziwa. Kisha tembeeni mjini mkalinganishe karatasi na ardhi. Mkikuta ukuta wa mtu mahali ramani ionyeshapo barabara, ulizeni ni nani aliyetoa ruhusa. Na mkiambiwa kuwa ramani haipo, ulizeni kwa nini majengo yapo.